Mkaguzi Aliyewapanga Watani

Jina lake nalijua. Silitaji, na si kwa heshima. Alipenda jina lake litamkwe lote, la kwake na la baba yake, hasa mbele ya watu waliosimama wakimsubiri, na mimi sina sababu ya kumpa raha hiyo. Kilosa nzima ilimwita Mkaguzi, kana kwamba nchi haikuwa na wakaguzi wengine. Kazi yake ilikuwa kuzungukia mashamba ya mkonge, mashine za pamba na pampu za maji za vijijini, kuona kama mitambo inakwenda, na ikisimama, kusema kwa nini imesimama. Hilo la pili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Alikuwa mrefu, mkavu, na kaptula yake ya kaki ilinyooshwa pasi kiasi kwamba ingeweza kusimama bila yeye. Mkononi hakukosa kijiti cha mninga. Alifika kwenye mtambo, hakumsalimu mtu, akaweka ncha moja ya kijiti juu ya chuma na ncha nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Watu walinyamaza kama wako msikitini. Kisha alisema, "Beringi ya upande wa mto inalia." Wakafungua, wakaikuta imekwisha. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu, tena zaidi ya mara moja. Ningependa kusema alibahatisha, lakini alikuwa anajua.

Nyumbani kwake, karibu na stesheni, kila kitu kilikuwa viwili. Taa mbili, mitungi miwili ya maji, baiskeli mbili, moja ya kupanda na nyingine imetundikwa ukutani imepakwa grisi. Alisema kitu kisicho na mwenzake kimeshaharibika, ila hakijakwambia. Mkewe alipomchoka na kurudi kwao Ulaya, kijiji cha hukuhuku Kilosa, si ng'ambo, wanawake wa sokoni walicheka: "Akiba ya taa anayo, ya mke kasahau." Alizisikia kejeli hizo, na kesho yake alikwenda sokoni kununua nyanya kwa wanawake walewale. Nadhani hakuona aibu kwa sababu hakuamini kwamba yeye mwenyewe ni sehemu ya kitu chochote kinachoweza kuharibika.

Rangi mpya aliichukia. Meneja akipaka mtambo rangi kwa ajili ya wageni, Mkaguzi aliichuna kwa ukucha atazame chini yake. Sala juu ya mashine alizikataza, ingawa yeye alifunga Ramadhani yote na hakukosa Ijumaa. "Mungu haombwi kukaza nati," alisema. "Nati ni kazi yako."

Heshima aliidai hadi tone la mwisho. Kijana aliyempita bila shikamoo aliitwa arudi, asimame, aanze upya. Lakini huyohuyo ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akisema kwamba heshima inaweza kuua. Katika kiwanda kimoja cha mkonge, kijana aliona mkanda mkubwa unaanza kuchanika upande wa mzee mmoja. Hakupiga kelele, kwa maana mzee hapigiwi kelele. Alizunguka mtambo, akaamkia, akasubiri marahaba, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu njema, na alipofika kwenye neno mkanda, mkanda ulikuwa umeshakatika na kumpiga mzee mgongoni. Viongozi walitaka kijana afukuzwe. Mkaguzi akakataa. "Amefanya kama alivyolelewa," akasema. "Heshima ni nzuri, lakini haina mbio. Tutafute kitu chenye mbio."

Akakipata, na hapo ndipo sifa zake zote zilipotoka. Alikipata katika utani.

Kwenye mashamba ya mkonge walikuwapo watu wa kila upande wa nchi. Mtambo wa kuchambua majani ya mkonge, ambao sote tuliuita korona, ulihitaji watu wawili wanaotegemeana: mlishaji, anayepanga majani yaingie kwenye visu, na mtu wa swichi, anayekaa pembeni tayari kuusimamisha. Kelele zake hazikuruhusu mtu wa tatu kusikika. Mkaguzi akaamuru kwamba kila mlishaji na mtu wake wa swichi wawe watani, watu ambao makabila yao yana haki ya kutaniana tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na huruhusiwi kununa. Umri haumzuii, wala cheo. Akiona unasinzia, hatazunguka mtambo kukuamkia. Atakuambia papo hapo kwamba unasinzia kama nyanya yake.

Ulikuwa mpango wa akili, na sitakuwa mnafiki nikasema haukuwa. Kabla yake mikono ilikatika kila msimu. Baada yake, kiwanda chetu kilikaa miaka bila damu, na wageni waliletwa kutoka mashamba mengine kuja kutazama watu wanavyotukanana kazini. Mkaguzi aliwaongoza wageni hao yeye mwenyewe, akitembea mbele, kijiti kwapani.

Baba yangu alikuwa mtu wa swichi. Sisi ni Wasagara wa Chanzuru. Mlishaji wake alikuwa Maganga, Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge kwa mkataba, mkataba ukaisha, yeye akabaki.

"Msagara, fumbua macho, usije ukaota ugali," Maganga alimwambia kila asubuhi.

"Mbeba mizigo wewe. Babu yako alipita hapa akaomba maji, kibuyu chetu hajarudisha mpaka leo."

"Alikitupa. Kilikuwa kinanuka kwenu."

Walipendana, na sina neno lingine la kuliita lile. Maganga alikula kwetu sikukuu zote, na Mama alimpa paja la kuku mbele ya wajomba.

Ila Maganga alikuwa na mchezo wake. Kazi ikinoga, alipiga ukelele: "Simamisha! Umeniua, Msagara!" Baba akaruka, akavuta swichi, korona nzima ikanyamaza, na Maganga akanyanyua mikono yote miwili, vidole vimekamilika, akivichezesha. Watu wakacheka mpaka nje. Mnyapara hakucheka, kwa sababu kila korona iliposimama tani zilipungua, na mkoa ulikuwa unaulizia tani. Alimkaripia Baba, si Maganga. Basi Baba akajifunza kutazama kwanza ndipo avute.

Siku moja kipande cha gunia ambacho Maganga alikifunga kwenye kifundo cha mkono, kujikinga na utomvu wa mkonge unaowasha, kilinaswa na mnyororo. Alipiga ukelele uleule kwa maneno yaleyale. Baba akacheka, akageuka kutazama. Kucheka na kugeuka kulitosha; mkono ulikuwa umeshakwenda na majani.

Mkaguzi alifanya uchunguzi wake uwanjani, wafanyakazi wote wamesimama, katibu wa tawi la chama amekaa kwenye kiti. Nilikuwapo, nimetumwa na Mama kumpelekea Baba uji ambao hakuunywa.

"Nani alikuwa kwenye swichi?"

"Mimi, Mzee."

"Ulimsikia mwenzako?"

"Nilimsikia."

"Ukafanya nini?"

"Nilicheka."

Mkaguzi akawageukia watu. "Mtambo hauna kosa," akasema. "Mtu ndiye mwenye kosa." Akafunga kijiti chake kwenye baiskeli, akaondoka. Baba akafukuzwa kazi siku ileile. Jioni yake alikuwa ameshapata jina, Mcheka, na jina hilo likahamia shuleni kabla yangu. Nilipopita, wenzangu walivuta mikono ndani ya mashati na kunipungia mikono mitupu ya shati.

Hakuna aliyeuliza ni nani aliyewapanga watani, na hakuna aliyeuliza kuhusu mnyapara na tani zake. Mimi nimeuliza kila siku tangu hapo.

Baba hakubisha. Mvua za kwanza zilipoanguka, alichukua jembe akaenda kulima shamba la Maganga. Alirudi, akaenda shamba la kijiji, maana Ujamaa haukusubiri mtu, na shamba letu likalimwa la mwisho. Msimu uliofuata vivyo hivyo, na uliofuata. Mahindi yetu yalikuwa mafupi kuliko ya jirani kila mwaka, na Mama, ambaye hakuwa msemaji, alisema mara moja tu: "Mkono wa mtu mmoja umekula mikono ya nyumba nzima."

Na huyohuyo Baba ndiye aliyenituma kwa Mkaguzi nilipoingia sekondari. "Likizo usikae bure," akaniambia. "Nenda ukajifunze kwake. Yule anajua kosa linakokaa."

Nilikwenda. Mkaguzi hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani, ingawa alijua. Alitandika gunia barazani, akamwaga punje za mahindi, akazipanga. Hii ni tanuru, hii ni mkanda, hii ni mchochezi wa moto, hii ni lori la kuni, hii ni karani anayeandika oda ya kuni, hii ni daraja la Mkondoa ambalo lori linapita. Kisha aliondoa punje moja. "Karani ana malaria. Nini kitaanguka kwanza?" Nikijibu tanuru, alitikisa kichwa. "Bado. Mchochezi ataanza kuchoma mabaki ya mkonge. Moshi utaziba bomba. Tanuru itaanguka mwisho, na wote watasema tanuru ilikuwa mbovu." Aliniambia mtambo ni chuma na watu na mvua, na mtu anayetazama chuma peke yake ni fundi wa baiskeli.

Miaka baadaye, chuo kikuu Dar es Salaam, mwalimu alichora visanduku na mishale ubaoni, wenzangu wakakunja nyuso, na mimi nikaona punje za mahindi. Nilielewa kabla ya wote. Nililichukia hilo. Ningetoa chochote nilichokuwa nacho ili niwe nimejifunza kwa mtu mwingine.

Kisa kimoja alichonisimulia barazani sikukisahau. Kijiji kimoja upande wa Ulaya kilifungiwa pampu yenye kengele, ili maji yakipungua kisimani mlinzi aizime pampu isiungue. Wafugaji walileta ng'ombe kunywa, na ng'ombe walijikuna kwenye nguzo ya kengele. Ikalia asubuhi, ikalia mchana. Mlinzi alikimbia, akakuta ng'ombe. Mwishowe akaacha kukimbia, na siku kisima kilipokauka kweli, pampu iliungua yeye akiwa amekaa kivulini anasikiliza. Wanakijiji walitaka afungwe. Mkaguzi alisimama mbele yao akamtetea. "Kengele inayolia ovyo humfundisha mtu kutosikia," aliwaambia. "Hamisheni kengele, mwacheni mtu." Alinisimulia hayo akiwa ameridhika na nafsi yake, mimi mtoto wa Mcheka nimechuchumaa mbele yake na punje mkononi. Nilisubiri aongeze neno. Akaniambia tu nizikusanye punje, kuku wasizile.

Nilimaliza chuo, nikapangiwa kazi katika shirika lililokabidhiwa mashamba yale yalipotaifishwa, na kazi yangu ya kwanza ikawa kushauri juu ya usalama wa korona ileile. Kabla ya kugusa hata nati nilipanda lori la mbao hadi Mikumi. Mkaguzi alikuwa amestaafu, akahamia kijiji cha ujamaa pembeni mwa barabara kuu, akitunza pampu yao na kugombana na tembo waliong'oa mabomba. Nilimkuta kwenye kigoda nje ya banda la pampu. Kaptula ilikuwa na mikunjo. Kijiti kilikuwapo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekonda. Huko chuoni hawali?"

"Wanakula. Nimekuja na swali moja."

"Moja halijawahi kukutosha."

Nikamuuliza kama anaikumbuka kengele ya ng'ombe. Akasema anaikumbuka. Nikamuuliza, je, Maganga alikuwa amepiga ukelele wa mzaha mara ngapi kabla ya ule wa kweli. Pampu ilikuwa inapiga nyuma yake, na kwa mara ya kwanza niliona hasikilizi mashine.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Nikiwa njiani, juu ya baiskeli, kabla sijafika kiwandani."

"Na ukamuuliza Baba maswali yale."

"Yule katibu ulimwona kwenye kiti?" akasema. "Alikuwa ananitafuta. Kupanga watu kwa makabila, nchi inajenga umoja! Alishaandaa neno, ukabila. Ningesema kosa ni la mpango, wangeuvunja kesho yake, na mimi ndani. Wewe hesabu mwenyewe mikono iliyobaki mahali pake kwa sababu ya ule mpango."

"Ukamtoa Baba."

"Baba yako hakukatwa kitu."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayefariji. Nimewahi kutukanwa na watu wenye nia ya kunitukana, na hawakunifikia pale aliponifikia yeye.

"Mzee," nikasema, "kwa nini hukufunga kamba? Juu ya kichwa cha mlishaji, ishikane na swichi. Akinaswa aivute mwenyewe kwa mkono wa pili. Asimwite mtu."

Kiwanda kizima kilikuwa kinatoa singa za mkonge, kamba za dunia nzima zilianzia pale, na mtu mwenye taa mbili na baiskeli mbili hakuwahi kuifikiria kamba moja. Aliwapenda mno watani wake. Nilimwona anavyoipata, inavyoingia, na nilifurahi. Sitatafuta neno la adabu zaidi.

"Ingefanya kazi," akasema.

"Nitaifunga wiki hii. Halafu utachagua. Nitawakusanya wafanyakazi uwanjani niwaambie mpango wako ndio uliokata mkono wa Maganga, na kwamba ulijua. Au utakuja Chanzuru umwambie Baba mwenyewe."

"Unanitisha, mwanangu."

"Ndiyo, Mzee."

Akaomba avae shati safi.

Tulifika Chanzuru kesho yake, jua likiwa bado la asubuhi. Ulikuwa msimu wa palizi. Baba alikuwa shambani kwa Maganga, ameinama, na Maganga amekaa juu ya kisiki akimwelekeza kwa mkono uliobaki.

"Msagara, umeacha nyasi nyuma yako ndefu kama ndevu za mjomba wako."

"Zako zitaota kaburini, na nitazipalilia vilevile."

Kisha wakamwona Mkaguzi. Baba alifuta mikono kwenye suruali, akaamkia. Miaka yote ile, akaamkia. Mkaguzi akaitikia, na kisha, wima katikati ya mahindi, akasema yote: ukelele wa mzaha, mnyapara na tani, katibu, ukabila, safari ya baiskeli. Alisema vizuri, kwa mpangilio, kama anayepanga punje. Akamaliza kwa kusema, "Kosa halikuwa lako. Lilikuwa la mpango, na mpango ulikuwa wangu."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu utotoni. Nilimtazama Baba nikitegemea kuona mzigo ukimshuka mabegani. Sikuona hivyo. Uso wake ulikuwa unakuwa mweusi kwa hasira, na mimi sikuwahi kumwona Baba akiwa na hasira.

"Kwa hiyo hili shamba," akasema polepole, "misimu yote hii, nimekuwa nikilima kwa ajili ya nani?"

Maganga alikuwa anatazama miguu yake.

"Mke wangu amekula mahindi mabaya. Mwanangu amepungiwa mashati matupu. Nimelala nikijiuliza ni mtu gani anayecheka mwenzake akikatwa. Kumbe ulikuwa unajua." Akanyoosha jembe, mpini mbele. "Shika."

"Mimi ni mzee," Mkaguzi akasema.

"Hata mimi nimezeekea hapa. Shika."

Akalishika. Maganga alitaka kusema kitu, nadhani mzaha, lakini huyu hakuwa mtani wake, na mzaha ukamfia mdomoni. Mkaguzi alivua viatu, akaviweka pamoja sambamba, akaanza kupalilia. Alipalilia vibaya, akikata magugu juu bila kung'oa mizizi.

Najua walimu wangu wangesema nini. Wangetandaza punje zote: mkoa na tani zake, mnyapara, katibu, mnyororo, gunia, Maganga na mchezo wake, heshima yetu isiyo na mbio. Wangesema kwamba anayemtwika mtu mmoja yote hayo hajatengeneza kitu, na kwamba kiwanda kinapona kwa kamba. Kamba niliifunga, na inafanya kazi. Nayaamini hayo na nitayafundisha. Lakini asubuhi ile sikuyataka.

Baba alikwenda kukaa kwenye kisiki kando ya Maganga, ambaye alisogea ampe nafasi. Jua likapanda juu ya milima. Mkaguzi alifika mwisho wa mstari, akanyoosha mgongo, akatweta, akanitazama mimi, si Baba. Alikuwa anaomba kupumzika, na alijua ni nani wa kuombwa.

Nikatembea taratibu nyuma ya mstari wake wote, nikitazama chini.

"Mzee," nikamwambia, "hapa umeruka."

Akarudi.